Njia Moja, Wachezaji Wengi: Historia ya Kugawana Intaneti

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kakonko, Kibondo na Kasulu

Kaeni vizuri, msogee karibu na redio. Aliye na daftari na alifungue. Asiye nalo asihuzunike, maana maneno haya yote mtayapata yamepigwa chapa, nanyi mtayasoma tena polepole, neno kwa neno.

Leo tuna somo la historia. Si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya jambo ambalo watoto wenu hulifanya mbele ya macho yenu. Vijana wanne wamekaa barazani. Mmoja amenunua bando. Watatu wengine wamejiunga na simu yake, na wote wanne wanacheza mchezo mmoja pamoja na watu walio mbali, pengine Dar es Salaam, pengine Nairobi, pengine Ulaya. Baada ya kitambo kidogo mnasikia kelele: "Nani anapakua? Zima hiyo! Tunakufa!"

Wazee huuliza, "Hawa wanagombania nini, na mchezo ni wa kitoto tu?" Ndugu zangu, vijana hao wanagombania njia. Njia ni moja, wapitao ni wengi. Ugomvi huo umewasumbua wataalamu wakubwa kwa miaka mingi, na leo tutaona jinsi walivyoutatua, na mahali ambapo hawajautatua.

Kwanza tuanze na kitu tunachokifahamu. Mwaka wa 1973 katika nchi yetu kulikuwa na masomo ya redio yaliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi wakasikiliza. Kila kikundi kilikuwa na redio moja na masikio mengi. Je, walipata shida ya kugawana? Hapana. Mtu mmoja akisikia, hampunguzii mwenziwe. Sababu yake ni kwamba redio husema tu, haisikilizi. Mimi hapa nasema, nanyi hapo Kakonko mnasikia. Hata mkinijibu kwa sauti kubwa, sikusikieni.

Mchezo haukubali hivyo. Tazameni bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Watu wawili hukaa wakitazamana, na kila mmoja huona mara moja kete alizozisogeza mwenziwe. Sasa mweke mmoja Kakonko na mwingine Kigoma mjini. Kila mmoja atahitaji bao lake, na kila anapocheza lazima ampelekee mwenziwe habari: "Nimechukua kete za shimo la tatu, nimezipanda hivi." Mwenziwe naye ajibu. Habari zikichelewa au zikipotea, mabao mawili hayafanani tena, na hapo mchezo umekwisha.

Watu walijaribu jambo hili zamani sana. Mwaka wa 1844, huko Marekani, waya wa simu ya maandishi ulifunguliwa kati ya Washington na Baltimore. Mwaka ule ule wachezaji wa sataranji wa miji hiyo miwili walicheza kwa waya ule. Kila hatua ya kete ilitumwa kwa alama. Waya ulikuwa mgeni kabisa, haujamaliza hata mwaka, na tayari watu wameutumia kwa mchezo. Mimi sishangai. Mtu akipewa chombo kipya, hufanya kazi nacho, kisha hucheza nacho. Na mara nyingi akichezea ndipo anapojua kasoro zake.

Kompyuta zilipokuja, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka wa 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, vijana walitengeneza mchezo ulioitwa Spacewar. Watu wawili walipigana kwa vyombo vya angani katika kioo kimoja cha kompyuta moja. Mwaka wa 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walitengeneza mchezo ulioitwa MUD. Haukuwa na picha hata moja, ulikuwa maneno matupu, lakini watu wengi waliingia kwa wakati mmoja wakakutana humo. Katika siku hizo kompyuta ilikuwa moja na watu walio wengi, kila mtu na kibodi yake. Hapakuwa na shida ya njia, kwa sababu wote walikuwa wameketi, kwa namna ya kusema, katika nyumba moja.

Shida ilianza kompyuta zilipokuwa nyingi. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1993 ulitoka mchezo ulioitwa Doom. Watu wanne, kila mmoja na kompyuta yake, waliweza kupigana ndani yake kama kompyuta zimefungwa kwa waya mmoja wa ofisi. Lakini Doom ya kwanza haikujua adabu. Badala ya kumpelekea ujumbe mtu mmoja, ilipiga kelele kwa kompyuta zote za jengo zima. Ni kama mtu anayemtafuta rafiki yake katika mnada, naye badala ya kumfuata anashika kipaza sauti na kuwasumbua wachuuzi wote, kila sekunde, mara nyingi. Karani aliyekuwa anaandika barua ghorofa ya pili aliona kompyuta yake imezubaa, asijue kwamba wanafunzi chini wanapigana na mashetani ya kuchora. Vyuo na maofisi yakaupiga marufuku mchezo huo saa za kazi. Baada ya miezi michache likatoka toleo lililorekebishwa, lisilopiga kelele.

Hapo ni jengo moja. Je, kutoka nyumba hadi nyumba, na kutoka nchi hadi nchi? Hapo tunakuja kwenye kiini cha somo. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno ANWANI.

Tarehe 1 Januari mwaka wa 1983 ndiyo siku ambayo kompyuta za mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET zilianza kutumia kanuni ambazo intaneti inazitumia hata leo. Katika kanuni hizo kila kompyuta ilipewa anwani ya namba. Jumla ya namba zinazowezekana ni 4,294,967,296. Isomeni pamoja na mwalimu: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, na kitu. Waliopanga walidhani ni nyingi mno. Wakati huo kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache sana. Nani angefikiri kwamba mkulima wa maharage Kibondo atakuwa na kompyuta mfukoni? Leo watu wa dunia wamezidi bilioni nane, na wengine wana vyombo viwili au vitatu kila mmoja. Mwezi wa Februari mwaka wa 2011 ghala kuu la namba hizo likaisha. Kila bara likapewa fungu moja la mwisho la namba zipatazo milioni kumi na sita na laki saba. Fungu la Afrika lilikabidhiwa AFRINIC, shirika lenye ofisi zake Mauritius.

Lakini kabla ya ghala kuisha, watu walikwisha kuona njaa inakuja. Mwezi wa Mei mwaka wa 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis waliandika waraka wa kueleza ujanja mmoja. Ujanja huo mnaufahamu ninyi nyote, ingawa hamjui kwamba mnaufahamu. Ni Sanduku la Posta.

Katika nchi yetu, kwa kawaida, tarishi haleti barua mlangoni. Barua huenda posta, katika sanduku lenye namba. Fikirini shule moja ya bweni. Wanafunzi ni mia nne, sanduku ni moja. Mwanafunzi akimwandikia mjomba wake Tabora, barua hupitia kwa karani wa shule. Karani huandika juu ya bahasha, "Mtumaji: Shule Fulani, S.L.P. 10." Kisha hufungua daftari lake na kuandika: "Leo Yohana wa Kidato cha Pili amemwandikia mtu wa Tabora, nimetia alama ya 57." Mjomba akijibu kwa S.L.P. 10, alama ya 57, karani hutazama daftari na kumpa Yohana barua yake. Mjomba hajui Yohana analala kitanda gani, wala hana haja ya kujua.

Chombo kinachofanya kazi ya karani huyo huitwa ruta. Simu ya kijana wenu anapowagawia wenzake bando, nayo hufanya kazi ile ile ya karani. Mwaka wa 1999 hata kompyuta za kawaida zenye Windows 98 toleo la pili zilifundishwa ukarani, na kompyuta moja iliyounganishwa ikaweza kuzihudumia nyingine nyumbani au dukani. Ndani ya nyumba kila kompyuta hupewa namba ya ndani, kama namba ya kitanda bwenini. Namba nyingi za ndani huanza na 192.168. Kitanda namba tano kipo katika kila bweni la dunia, wala haidhuru, kwa kuwa namba hiyo haitoki nje ya geti.

Sasa nawauliza swali. Mwalimu, zima redio kidogo ukipenda, uwaache wajibu. Barua ikija kwa S.L.P. 10 haina alama wala jina, na katika daftari hakuna mwanafunzi aliyemwandikia mtumaji huyo, karani atampa nani?

Jibu ni kwamba hatampa mtu. Ataitupa. Kwa wanaosoma habari na kuandika barua, jambo hilo halina ubaya, kwa sababu wao ndio huanza kuandika. Tena ni kinga, maana wageni wasioalikwa hawaingii. Lakini kwa wachezaji ilikuwa balaa. Michezo mingi ya miaka ya 1990 ilifanya kompyuta ya mchezaji mmoja iwe mwenyeji, na wengine wabishe hodi kwake. Wakibisha hodi, karani anawatupa nje. Na mara nyingine mchezo ulidai alama moja maalum. Kampuni ya Blizzard ilifungua huduma yake ya Battle.net mwishoni mwa mwaka wa 1996, na michezo yake, kama StarCraft ya mwaka wa 1998, ilitumia mlango wenye namba 6112. Unaweza kumwagiza karani, "Kila barua ya 6112 mpe Yohana." Lakini ndugu yake Petro, aliyeketi kiti cha pili, naye anataka 6112. Karani hawezi kuikata barua vipande viwili. Kwa hiyo ndugu wawili wa nyumba moja, waliolipa waya mmoja, walishindwa kucheza pamoja na rafiki wa nje, na kila mmoja akadhani kompyuta ya mwenziwe imeharibika.

Dawa iliyopatikana ni ya kupendeza, nami naomba muifuate taratibu. Yohana yupo nyuma ya karani wake. Asha wa mji mwingine yupo nyuma ya karani wake. Hakuna awezaye kumbishia mwenziwe hodi. Basi wote wawili wanamwandikia mtu wa tatu aliye wazi, asiye na karani. Huyo anasoma bahasha na kumjibu kila mmoja: "Wewe naona unatokea S.L.P. fulani, alama fulani. Na mwenzio anatokea S.L.P. fulani, alama fulani." Baada ya hapo Yohana anamwandikia Asha, na wakati huo huo Asha anamwandikia Yohana. Barua za kwanza pengine zitatupwa. Lakini kila karani sasa ameandika daftarini kwamba mtu wake amemwandikia yule wa nje. Barua za pili zikifika, makarani wanaona, "Alaa, hili ni jibu," wanazipitisha. Makarani wote wawili wametii sheria yao, na vijana wanacheza. Njia ya kumwuliza mtu wa tatu iliandikwa rasmi mwezi wa Machi mwaka wa 2003. Michezo mingi ya siku hizi hutumia ujanja huo, au hupitisha kila kitu kwa kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo wachezaji wote ndio huiandikia kwanza.

Hayo ni ya anwani. Sasa tuje kwenye njia yenyewe, maana hapa ndipo penye kelele za barazani.

Hapa Afrika Mashariki intaneti ilitujia kwanza kwa kupitia setilaiti. Chombo hicho hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ujumbe hupanda kilomita hizo na kushuka tena, jumla zaidi ya kilomita 71,000. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda peke yake ni karibu robo ya sekunde. Jibu nalo lipande na kushuka. Jumla ni karibu nusu sekunde, hata kama waya na mashine ni nzuri namna gani. Kwa barua, nusu sekunde si kitu. Katika mchezo wa kupigana, nusu sekunde ni kufa kabla hujamwona aliyekuua. Ndiyo sababu katika miaka hiyo vijana wa maduka ya intaneti Dar es Salaam au Nairobi walipendelea kucheza wao kwa wao, kompyuta kwa kompyuta ndani ya chumba, kuliko kucheza na nchi za nje.

Tarehe 23 Julai mwaka wa 2009 mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulianza kufanya kazi, ukishika nchi kavu Dar es Salaam na Mombasa, na kwingineko. Mwaka wa 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Katika mkongo mwanga hukimbia ndani ya nyuzi za kioo, kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Kwa umbali wa kilomita 10,000 hilo ni sehemu moja ya ishirini ya sekunde kwenda, na nyingine kurudi. Kutoka nusu sekunde hadi sehemu moja ya kumi! Kijana hawezi kueleza habari hizi kwa hesabu, lakini kidole chake kinazijua.

Sasa angalieni, maana watu wengi huchanganya mambo mawili: wingi na upesi. Lori linalotoka Kakonko kwenda Nyakanazi hubeba magunia mengi ya maharage, lakini hutembea pole. Bodaboda hubeba bahasha moja, lakini hufika kwanza. Anayepakua filamu anahitaji lori. Anayecheza anahitaji bodaboda. Ujumbe wa mchezo ni mdogo sana: "Nipo hapa, nimegeuka kushoto, nimepiga." Basi utauliza, kama ni mdogo hivyo, kwa nini filamu ya mwenziwe inamwua?

Kwa jibu twende California, mwezi wa Oktoba mwaka wa 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley kulikuwa na njia ya umbali wa chini ya mita 400, mwendo wa kutoka darasani hadi sokoni. Njia ile ilizoea kupitisha biti 32,000 kwa sekunde. Siku moja ikaanguka hadi biti 40. Si elfu arobaini, ni arobaini tu. Van Jacobson, mtaalamu wa maabara ile, alichunguza sababu. Aliona kwamba njia ikijaa, pakiti nyingine hupotea. Kompyuta iliyopotelewa hutuma tena mara moja. Nyingine nayo hutuma tena. Kila mmoja akirudia, msongamano huzidi, na kwa kuwa msongamano umezidi, pakiti nyingi zaidi hupotea. Ni kama mlango mmoja wa ukumbi watu wote wanapousukuma.

Mwaka wa 1988 Jacobson aliandika dawa yake. Kompyuta ianze polepole, iongeze kidogo kidogo, na ikiona pakiti imepotea, ipunguze mwendo wake sana. Hapana polisi, hapana msimamizi. Kila mmoja hujizuia mwenyewe. Kwa maoni yangu hili ni moja ya mambo makubwa kabisa katika historia ya intaneti, ingawa halionekani. Mamilioni ya kompyuta zisizojuana zinapishana mlangoni kwa adabu. Lakini adabu hiyo ina upungufu. Haki hugawanywa kwa kila safari, siyo kwa kila mtu. Anayefungua safari kumi za kupakua kwa pamoja hupata mafungu kumi, na jirani yake mwenye safari moja hupata fungu moja.

Upungufu wa pili uligunduliwa baadaye. Mwaka wa 2010 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jim Gettys, aliona kwamba nyumbani kwake kila alipotuma mafaili makubwa, intaneti ya nyumba nzima ilizubaa. Alipochunguza aliona kwamba waliotengeneza ruta walizipa ghala kubwa mno la kungojea, wakidhani wanafanya wema, ili pakiti isipotee hata moja. Kumbe kwa kuwa hakuna kinachopotea, kompyuta inayopakua haipati habari kwamba njia imejaa, nayo inazidi kujaza. Foleni inakuwa ndefu.

Nendeni kwenye mashine ya kusaga muone. Bwana mmoja ameleta magunia kumi ya mahindi. Nyuma yake amesimama mtoto na kisado cha muhogo mkavu, mama yake anangoja kusonga ugali. Kama mwenye mashine atafuata foleni tu, mtoto atangoja magunia kumi yaishe. Mashine si mbovu, tena inasaga kwa nguvu zake zote. Lakini jioni hiyo nyumba moja italala na njaa. Mchezaji ni yule mtoto. Na si mchezaji peke yake. Katika duka moja la intaneti katika nyanda hizi niliwahi kumwona binti akijaza fomu ya mkopo wa chuo, siku ya mwisho ya kupokea fomu, naye amekaa kiti kimoja mbali na vijana waliokuwa wanapakua mchezo mzima. Ukurasa wake ulikuwa unazunguka tu. Mwenye duka alisimama nyuma yake akisema mtandao leo ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya. Mwishowe aliwasimamisha vijana, kwa maneno makali, na fomu ikaenda.

Mwaka wa 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, yule yule wa 1986, walitoa dawa ya foleni hiyo: ruta iangalie pakiti zimengoja muda gani, na zikizidi kungoja, iangushe baadhi yake ili wenye magunia wapate habari na wapunguze. Wengine wakaongeza utaratibu wa zamu: kisado kwa huyu, kisado kwa yule, kisha turudi kwa mwenye magunia. Ruta nyingi mpya zina utaratibu huo. Ruta za bei ndogo, na hata simu nyingi, mara nyingi hazina, au unao lakini hakuna aliyeuwasha. Huko barazani kanuni bado ni ile ya sauti: "Zima hiyo!"

Kuna jambo jingine la kugawana ambalo mzazi anapaswa kulijua, nalo ni lawama. Mkiwa na sanduku moja, watu wa nje hawaoni Yohana wala Petro, wanaona S.L.P. 10. Yohana akiandika matusi, anayefungiwa ni S.L.P. 10. Mwishoni mwa mwaka wa 2006 wasimamizi wa Wikipedia waliifungia anwani moja isihariri kurasa zake, kwa sababu mtu aliyeitumia alikuwa anaziharibu. Kumbe anwani ile ilikuwa ndiyo mlango wa karibu nchi nzima ya Qatar. Kosa la mmoja likawapata wote, hata walipogundua na kufungua. Katika michezo hutokea vivyo hivyo: mdanganyifu mmoja dukani hufungiwa, na waliokaa naye wanakuta mlango umefungwa. Kampuni za simu nazo, kwa uhaba wa anwani, huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo simu ya kijana wenu barazani ina makarani wawili: mmoja mfukoni mwake, na mwingine, mkubwa zaidi, kwa kampuni.

Dawa ya uhaba huo ilikwisha kuandikwa mwezi wa Desemba mwaka wa 1995. Ni mpango mpya wa anwani, nyingi kiasi kwamba kila kisu na kijiko kingeweza kupewa namba yake. Zaidi ya miaka thelathini imepita na dunia bado inauhamia polepole. Karani alikuwa amewekwa kwa muda, lakini watu walimzoea.

Katika mkoa wetu kuna mahali ambapo kugawana kumepangwa vizuri tangu mwanzo. Mwaka wa 2013 mfuko wa hisani wa Vodafone pamoja na shirika la wakimbizi la UNHCR walianza mpango wa shule zenye mtandao katika makambi ya wakimbizi, na kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imo katika mpango huo. Darasa moja hutumia vibao vya kompyuta vipatavyo 25, na njia ya intaneti ni moja. Kama watoto 25 wangevuta filamu ile ile ya somo kutoka Ulaya kwa wakati mmoja, njia ingekufa. Kwa hiyo masomo mengi yamewekwa mapema ndani ya vyombo vyenyewe, na njia ya nje hubaki kwa yale yasiyopatikana hapo. Wenye maduka ya michezo nao hufanya hivyo, ingawa hawakufundishwa na mtu: mchezo hupakuliwa mara moja usiku, kisha hunakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta, na mchana kinachopita njiani ni vile vijumbe vidogo tu.

Tena msidhani kwamba kugawana kunaishia dukani. Tarehe 12 Mei mwaka wa 2024 mikongo miwili, SEACOM na EASSy, ilikatika siku moja baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Benki zilisuasua, simu zilizubaa, na vijana waliona mchezo umesimama. Nchi nzima siku ile ilikuwa kama baraza moja lenye bando moja linalokwisha.

Sasa kazi ya wiki hii. Aliye na simu ya kisasa na aombe bando la mwenziwe kwa dakika moja, kisha afungue mahali pa mipangilio, kwenye habari za mtandao aliojiunga nao, atafute neno la anwani. Atakuta namba nne zilizotengwa kwa nukta. Aziandike daftarini, namba kubwa kwa herufi pia, ili tupate zoezi la kusoma na kuandika. Anayepata 192.168 au namba inayoanza na 10 aonyeshe kwa mwalimu na aeleze kwa maneno yake karani wake ni nani. Kisha darasa lizungumze hivi: katika duka la intaneti lenye njia moja, vijana watano wamelipa saa zao kucheza, na binti mmoja amelipa nusu saa kutuma fomu, mwenye duka agawe vipi? Majibu yaandikwe na katibu wa darasa, nami nitayasoma machache redioni wiki ijayo, kabla ya somo la simu za upepo na minara.

Kwaherini.